Picha Zilizotolewa Ukutani

Nyumba ilikuwa sokoni wiki ya tano sasa na hakuna aliyeitaka. Delphine Rowe alikuwa amewapokea watu kumi na mmoja, akawafungulia hata kabati la chini ya ngazi, na kila mmoja alikaa muda wa kumaliza glasi ya maji tu. Nyumba ya jirani, yenye vyumba vile vile na madirisha yale yale, ilikuwa imepata mnunuzi kwa siku nne.

Jumatatu dalali wao, kijana mmoja aitwaye Gareth, alikuja. Alikunywa chai, akasifu bustani, mwisho akautazama ukuta wa sebuleni.

"Bi Rowe, ningekuwa wewe ningezitoa hizi picha za familia. Wanunuzi wanapenda kujiona wao ndani ya nyumba."

"Jirani yangu alitoa za kwake?"

Gareth alikoroga chai isiyo na sukari. "Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Mbwa wake peke yake alikuwa na picha tatu."

"Mimi sisemi chochote, Bi Rowe. Nataka iuzike tu."

Delphine naye alitaka iuzike. Baba yake, kule Bristol, alikuwa ameanguka bafuni mara mbili. Walikuwa wamepata nyumba mlango wa tatu kutoka kwake, na mwenye nyumba hiyo alikubali kuwasubiri hadi mwisho wa mwezi, si zaidi. Basi akazitoa, akazifungia kabatini: ya harusi, ya binti yake Tamsin na medali ya kuogelea, na ya baba yake akiwa na sare ya udereva wa basi. Hii ya mwisho ilipigwa mwaka ule alipofika Nottingham, kijana mweusi mgeni, akaambiwa kwenye milango saba ya Wazungu kwamba chumba kimeshachukuliwa, na tangazo la kupangisha bado liko dirishani. Kila Krismasi mzee husimulia habari hiyo kama kichekesho.

Gareth akapiga picha mpya za nyumba, akaziweka mtandaoni badala ya zile za mwanzo zilizoonyesha ukuta ule.

"Mama, mbona mmetuficha?" aliuliza Tamsin jioni.

"Hakuna aliyefichwa. Tunauza nyumba."

"Na babu kwenye kabati anauza nini?"

Delphine alienda kukunja nguo.

Alhamisi, wao wakiwa kazini, Gareth aliwatembeza watu wanne. Ijumaa mke na mume mmoja wakakubali bei bila kuomba punguzo. Wangekuja Jumapili kupima mapazia.

Jumapili asubuhi Carlton, mume wa Delphine, alimkuta mkewe juu ya kiti.

"Unafanya nini?"

"Napachika picha."

"We mwanamke, subiri watie sahihi! Hawa wanaweza kughairi hata leo. Na mzee akianguka tena?"

"Nikifika kwake ataniuliza picha yake ilikuwa wapi. Nimwambie kabatini?"

Carlton alishusha pumzi. Kisha akamshikia kiti.

Saa nne kengele ililia. Mlangoni alisimama mwanamke mwenye daftari, mumewe nyuma yake.

"Habari za asubuhi. Mimi ni Philippa. Bi Rowe yupo?"

"Ndiye mimi."

"Oh! Samahani, nilidhani..." Delphine aliufungua mlango wote.

Ndani, Philippa alichangamka. "Ujue tulikaribia kuikosa! Tulipoiona mara ya kwanza mtandaoni tuliipita. Ilionekana, sijui niseme nini, ina giza, imebanana. Mmepaka rangi?"

"Hata mlango hatujapaka."

"Basi mmebadilisha viti."

"Ni vile vile. Unaegemea kimojawapo."

Philippa alicheka, akazungusha macho kutafuta kilichobadilika. Macho yakafika ukutani, kwenye harusi, medali, dereva wa basi. Yakakaa hapo. Wekundu ulimpanda kutoka shingoni. Mumewe alikuwa dirishani akitaja vipimo ambavyo hakuna aliyeviandika.

"Huyu ni nani?"

"Baba yangu. Ndiye tunayemfuata Bristol."

"Mimi si mtu wa namna hiyo," alisema Philippa polepole.

"Sijakuita chochote. Kashike ncha ya tepu, mumeo anahangaika peke yake."

Jumatatu simu haikulia, wala Jumanne. Carlton hakulaumu, ila alitembea akigonga milango ya makabati. Delphine aliendelea kufunga vyombo kana kwamba safari ipo.

Jumatano Gareth alipiga. Bado wanaitaka, kwa bei ile ile, sahihi Ijumaa.

Delphine aliburuta kiti hadi kwenye ukuta wa picha.

"Mama," Tamsin aliuliza, "kwa hiyo ni watu wazuri au wabaya?"

"Sijui. Waliipita, halafu wakarudi. Hayo mawili ndiyo ninayoyajua." Alishusha picha ya baba yake, akapangusa kioo kwa mkono wa blauzi. "Lete gazeti la kumfungia. Na huyu haendi kwenye lori. Utampakata wewe, kiti cha mbele."