Shamba Lisilo na Jani

Jua lilipochomoza, Mama Pacha alikuwa amebakiza mistari ya mwisho ya maharage, ile inayopakana na barabara. Jembe lake lilikuwa limelika mpaka likabaki kama kijiko, lakini lilikata. Aliinama, akakwatua, akayang'oa magugu kwa mkono wa kushoto, akayakung'uta udongo na kuyarundika kando ili jua liyamalize. Hakuinua kichwa. Angeinua kichwa angekiona kibao.

Kibao kilikuwa kimechomekwa pale tangu juma lililopita: SHAMBA HILI LITAUZWA KWA MNADA WA HADHARA. Chini yake tarehe ya leo. Kila asubuhi watoto wa shule walikisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, na kila asubuhi alijitia kiziwi.

"Shemeji."

Alikuwa mdogo wa mumewe, fundi baiskeli, amesimama barabarani na tairi begani. Macho yake yalipita kwenye maharage, yakapita kwenye mahindi, yakarudi kwake.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimepalilia."

"Kupalilia nakuona. Nakuuliza umefanya nini."

Mama Pacha alikwaruza udongo kwenye jembe kwa kidole. Alijua alichofanya. Fundi baiskeli alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba mpaka koo likamkauka, akiwasihi majirani: siku ya mnada mtu asifungue mdomo. Mnada ukikosa mnunuzi huahirishwa, na ukiahirishwa mavuno yataingia, na mavuno yakiingia watu wa mkopo watapozwa kidogo. Majirani walikubali. Mama Pacha mwenyewe akapewa kazi moja, nyepesi kuliko zote: aliache shamba lilale. Magugu yapande, mgeni akilitazama aone pori.

"Nimewaomba watu wazima wafunge midomo, wamefunga," shemeji alisema. "Wewe nimekuomba ukae tu. Kukaa nako kumekushinda?"

"Watu watapita hapa."

"Wapite."

"Waone magugu, waseme kumbe ndiyo maana linauzwa. Mwanamke mwenyewe mvivu."

Fundi baiskeli alitua tairi chini.

"Basi iombe mvua," alisema. "Labda gari lao litakwama."

Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu la kudanganyia.

Deni lilikuwa la pampu ya maji. Mumewe ndiye aliyeitaka, wote wawili wakatia sahihi, na hati ya shamba ikaenda kulala kwenye kabati la wakopeshaji. Pampu ilifanya kazi msimu mmoja, ikakohoa, ikanyamaza. Mume akaenda mbali kutafuta kibarua, naye akanyamaza kama pampu yake. Nyumbani wakabaki Mama Pacha, watoto wake pacha, mama mkwe, na riba, ambayo haikuwahi kuugua hata siku moja.

Mama mkwe ndiye aliyemkabidhi shamba hilo alipoolewa. "Shamba ni uso, mwanangu," alimwambia. "Hutoki nje na tongo machoni." Tangu siku hiyo Mama Pacha hakuwahi kutoka na tongo. Juma hili alijaribu. Siku ya kwanza alikaa mlangoni akayatazama magugu. Siku ya pili akageuza kigoda, akayapa mgongo. Jana alfajiri mikono ilichukua jembe yenyewe, kama mikono ya mwizi.

Walifika jua likiwa limekwisha kuwa kali. Mbele dalali na kipaza sauti chake, nyuma yake afisa mikopo, msichana mwenye faili kifuani, na nyuma zaidi wachache waliotoka kwenye mnada wa kwanza, wa kiwanja cha seremala huko chini. Majirani walikwisha jipanga kando ya barabara, mikono mifukoni na kwapani, midomo imebanwa.

"Leo mimi bubu," muuza mkaa alimnong'oneza Mama Pacha. "Mume wangu angenikuta hivi, angenioa upya."

Mama Pacha alitaka kucheka, kicheko kikakataa.

Dalali alitaja bei ya kuanzia. Kimya. Akaitaja tena, polepole, kama mtu anayesema na wagonjwa. Kimya. Mzee mmoja akakohoa, jirani yake akamfinya. Afisa mikopo alitazama saa.

"Hakuna? Basi tutaandika kwamba hakuna."

Kipaza sauti kilianza kushuka. Mama Pacha alisikia kitu kikilegea kifuani, kitu alichokuwa amekikaza tangu kile kibao kichomekwe.

Wakati huo jamaa wa kofia ya pama, aliyekwisha nunua kile kiwanja cha seremala, alikuwa akirudi kwenye gari lake. Alisimama kukwangua udongo kwenye buti kwa kijiti. Alipoinua uso, shamba likawa mbele yake.

"Na hili nalo mnauza?"

Kipaza sauti kikapanda. "Tunauza, mheshimiwa! Hebu tazama! Nitafutie jani moja humo, nikupe bure. Shamba hili halikupaliliwa, limeoshwa! Mistari imenyooka kama imechorwa. Udongo huo mweusi, mlaini, unaingia kazini leo leo. Mikono iliyofanya kazi hii, jamani, ni mikono ya dhahabu!"

Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsifu Mama Pacha hadharani. Sasa alisifiwa kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya bonde, na kila sifa ilimpata shavuni kama kofi. Majirani waligeuka wakamtazama, kisha wakatazama chini. Muuza mkaa alisogea hatua moja kando. Utani wake ulikuwa umekwisha.

Jamaa wa kofia aliinua kidole.

Mara ya kwanza. Mara ya pili. Fundi baiskeli alifungua mdomo, lakini mdomo mtupu haununui shamba. Mara ya tatu.

"Weka sahihi hapa, mama," afisa mikopo alisema. "Na hapa. Bei haikufika deni, kwa hiyo bado unadaiwa kidogo. Halafu gharama za mnada ziko juu yako. Gari, kipaza sauti, kibao."

"Kibao?"

"Kibao, mama."

"Kile pale? Nacho nakilipia mimi?"

Msichana alifunga faili. Kwa mara ya kwanza alionekana mdogo kuliko sketi yake. "Ndiyo utaratibu. Si mimi."

Jamaa wa kofia alikuja, mkono umenyooshwa, uso mwema. Wema wake ndio uliouma zaidi. "Nimeambiwa ni wewe uliyepalilia. Kazi safi sana, dada. Mimi sikai huku. Nitahitaji mtu wa kulitunza, kwa kibarua. Ningependa uwe wewe."

"Asante," Mama Pacha alisema. Neno lilikuwa limekwisha toka alipolisikia. Masikio yakamwaka moto, mpaka gari lile likaondoka na vumbi lake likatua.

Majirani walitawanyika bila kuaga. Mama mkwe, ambaye kwa aibu hakutaka kutoka mnada ulipokuwa ukiendelea, sasa alikuja akiburuta fimbo kutoka kwenye nyumba waliyobakiwa nayo. Alisimama kwenye ukingo, akaangaza macho shamba zima, mstari kwa mstari.

"Wamelionaje?"

"Wamelisifu, mama."

"Nilijua watalisifu," mkwewe alisema, na kidevu chake kikainuka kidogo.

Miguuni pake, ubavuni mwa kibao, kishonanguo kimoja, gugu lile la mbegu za kunata nguoni, kilikuwa kimesalimika na jembe, kimeanza kuweka ua. Mkwe aliinama bila kufikiri, kama anavyoinama mtu aliyepalilia miaka yote. Mama Pacha alimshika mkono.

"Kiache, mama."

"Kitazaa hicho. Mbegu zake zitalijaza shamba lote."

"Kiache kizae."

Mama Pacha hakuuachia ule mkono, akauongoza mpaka nyumbani, na jembe akaliacha pale pale mstarini.