Ute Kwenye Koti la Profesa

Profesa Koukolík hakuwa ameshika kichupa cha maabara kwa miaka kumi na minne. Siku ya kuzihukumu mbegu za mwanafunzi wetu Radka alivaa koti jeupe lenye mikunjo ya dukani, akaingia maabara yetu ya Olomouc kama bwana harusi.

Sheria ni moja: mbegu iliyobadilishwa jeni ikishindwa jaribio, hupikwa kwenye mtungi wa mvuke mpaka ife. Radka alibakiwa na kijiko kimoja cha mbegu za kitani, matunda ya miaka minne ya masomo yake. Alikuwa amegeuza jeni inayosuka sukari ndefu za ukuta wa seli, zile ambazo mbegu ikilowa huvimba zikawa ute.

"Kaa kando, binti. Tazama mkono wa mzoefu."

Akatia mbegu za kawaida kwenye kichupa hiki, za Radka kwenye kile, maji na rangi nyekundu inayoshika ute juu yake. Sisi mafundi huinamisha vichupa taratibu, kama mtu anayebembeleza kichanga. Yeye alivitikisa vyote viwili kama anayepiga krimu ya keki, akamwaga maji ya kila kimoja kwenye bakuli lake, akainamia hadubini.

"Za kawaida zimevaa ute. Zako ziko uchi! Uliniahidi ute zaidi, huna hata tone. Bohuna, washa mtungi."

Radka alishika meza.

"Nitawasha," nikasema, "ila nawa kwanza, Profesa. Unachuruzika."

Kwenye mkono wa koti lake ulining'inia uzi mwekundu, mzito, mrefu kama kamasi la mtoto wa chekechea. Nikamsogezea bakuli la Radka. Lilijaa ute mwekundu.

"Umetikisa sawasawa, hongera. Ute wa mbegu za kawaida umeng'ang'ania. Wa mbegu za Radka umechomoka kama soksi."

Radka akachungulia, akacheka huku analia. "Unaachia! Bibi Bohuna, mbegu inauachia yenyewe!"

Profesa akakohoa. "Ndicho hasa nilichotaka mkione."

"Bila shaka," nikasema, nikamwekea fomu ya kuangamiza mbegu. "Basi andika hapa, kwa mkono huohuo wa mzoefu: zisipikwe."

Akaandika. Koti lake likaburuza ute mwekundu juu ya sahihi yake, na Radka akakataa kabisa niupanguse.