Tumbo la Mpumbu

Katongo alikuwa kapaso wa chifu, tarishi mwenye yunifomu na amri, na mwanzo wa mwaka ule wa 1955 amri ilimrudia mwenyewe. Boma, ofisi ya serikali ya wakoloni, lilitangaza: kuanzia Januari mosi, wavu utakaokutwa ziwani utachomwa moto, ili samaki wa mpumbu wazae. Na wavu wa kwanza kukutwa pale kijijini Nchelenge, jamani, ulikuwa wa Rosaria, dada yake wa tumbo moja, mjane asiye na kingine duniani.

Kijiji kizima kilisimama ufukweni kumtazama Katongo.

"Choma basi," Rosaria akasema, akampasua mpumbu mbele yake. "Lakini angalia kwanza mu tumbo. Mayai iko wapi? Bado mwezi muzima! Sisi bamama tunapasua samaki kila siku, na hakuna mutu alituuliza."

Tumbo lilikuwa tupu kweli. Katongo hakuchoma. Alipakia samaki watano kwenye baiskeli, akawamwaga juu ya meza ya bwana wa samaki, afisa wa Boma.

Mzungu yule hakuwa mtu mbaya. Aliwageuza-geuza, akakuna kichwa. "Tarehe si sawa, naona. Lakini Kongresi, chama hicho cha wapinga serikali, wanapiga kelele kila kijiji. Nikiibadili leo, watasema wametushinda. Na wewe, kwa kutouchoma wavu ule, vua yunifomu."

Akavua. Miaka tisa ya kazi, akarudi na fulana. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

Februari mayai yakaja, matumbo yamejaa tele. Katongo akamwendea Sampa, msemaji wa Kongresi, aliyewaambia watu wasitoe nyavu.

"Sampa, sasa waambie batoe."

"Ee! Boma watasema tumetii! Ngoja kwanza tushinde."

"Na mpumbu watangoja?"

Basi Rosaria akautoa wavu wake mwenyewe, kisha akawaambia wanawake wenzake: samaki mwenye mayai, hakuna kumpasua. Lo! Wanaume walirudi na mitumbwi imejaa, wakakuta visu vimefungwa vitambaani. Samaki asiyepasuliwa hakauki, na asiyekauka hakuna mchuuzi wa Katanga atakayemgusa. Siku ya tatu uvundo ulimfukuza hata Sampa nyumbani kwake. Siku ya nne ziwani hapakuwa na wavu hata mmoja.

Boma wakaandika kwamba sheria imefaulu. Kongresi wakapiga ngoma ya ushindi, eti tarehe ya Boma haikutiiwa. Katongo hakurudishiwa yunifomu. Alibaki kushona nyavu za dada yake, na roho ilimuuma kila alipopita kapaso mpya.

Mwaka uliofuata kapaso huyo alikuja kwa Rosaria na karatasi, akasoma: nyavu zitolewe kuanzia Februari tisa. Ndiyo siku ileile aliyoutoa Rosaria wavu wake mwaka uliotangulia.

Rosaria alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. "Asante, mwanangu. Sasa rudi kwa bwana. Umwambie ule mutu aliyemupelekea samaki ku meza iko hapa, na kazi bado hana."

Katongo akainama juu ya fundo alilokuwa akilifunga, wasimwone machozi.