Mateka wa Tatu Kutoka Kushoto

Kila Alhamisi saa tisa alasiri, mshonaji aliifunika cherehani yake, akaenda sinema kumtazama mumewe akingoja kupigwa risasi.

Filamu ilikuwa ya zamani, ya vita vya wenyewe kwa wenyewe: muuguzi wa jeshi la serikali anampenda mwasi, na dakika chache kabla hajauawa anamfungua kamba. Mumewe hakuwa mwigizaji, alikuwa fundi bomba. Walitafutwa watu wa kujaza mstari wa mateka, naye akavalishwa sare ya waasi, akasimamishwa wa tatu kutoka kushoto. Vita vya kweli vilipozuka, filamu ikawa ushahidi dhidi yake. Askari wa serikali walimchukua akiwa na spana mkononi, na hakurudi.

Miaka kumi na moja ilipita. Mvumilivu hula mbivu, lakini zake zilikuwa zimeanza kuoza. Alhamisi moja muuguzi alipomaliza kumfungua mpenzi wake, mshonaji alisimama.

"Dada, na huyo wa tatu ni wangu."

Muuguzi aligeuka. "Siku zote hizi umekaa kimya? Ungesema tu, mwenzangu. Mimi nilikuwa na haraka na wangu."

Akamfungua. Fundi akashuka kwenye skrini, akawakanyaga watazamaji wawili na kumwomba radhi kila mmoja. Mwonyesha filamu aliwaambia wafunge mlango, mwanga unaingia.

Nje mshonaji alilia kwa furaha, hakujificha. Mumewe hakuwa ameongeza umri hata siku moja, akamwambia mkewe amezeeka. Mkewe akamuuliza alitaka azeeke nani, huku yeye amesimama tu.

Jumatatu walikwenda ofisini kuomba jina lake lifutwe kwenye orodha ya wasaliti. Karani, mtu wa adabu, aliwapa viti na maji, kisha akaenda kuitazama filamu, maana ndio utaratibu. Alirudi akasema mateka waliobaki wamekufa kama kawaida, ila wa tatu hayupo. Chini ya "usaliti" akaongeza "na kutoroka". Penye "mahali alipo" akaandika "hapajulikani", akamwomba fundi asogeze bilauri yake kidogo ili agonge muhuri.

Mshonaji alikuwa amekuja tayari kugombana. Aliusoma mstari ule wa mwisho mara mbili: asiyejulikana alipo, hakuna wa kuja kumchukua.

"Acha hivyo hivyo, bwana karani," alisema, akamshika mumewe mkono, wakaenda zao nyumbani.