Mwezi wa Zahor Juu ya Kioo

Mwaka uliotangulia, mjukuu wangu Zahor aliuona mwezi wa Idi peke yake. Mwandamo wa Idi unataka mashahidi wawili, naye alikuwa mmoja, basi kesho yake mji mzima ukafunga. Yeye aliyeuona kwa macho yake aliambiwa afungue kwa siri. Akajificha ghalani kwangu akala tende. Jirani yetu Saud akaja kuazima ngazi, akamkuta anatafuna. Tangu siku ile ikawa Zahor Kobe, jina la wasiofunga, hata watoto wa chuoni wakamwita hivyo.

"Safari hii shahidi wangu wa pili ni kamera," akaniambia. Alifanya kazi kwa mpiga picha mmoja wa Kigoa huko Shangani, akaazimwa kamera kuukuu ya miguu mitatu.

Jioni ya mwezi ishirini na tisa, Bi Tamima wa nyumba ya pili aliwaingiza binti zake ndani, ili Zahor apande darini kwake bila ya kuwaona wanawake wa watu. Alikuwa na vitumbua motoni huko juu, akaviteremsha vyote. Sijamsahau kwa hilo.

Adhana ilipolia nikampelekea maji.

"Bibi, usisogee, sakafu inatikisika."

"Fungua kwanza, baba."

"Nshaupata. Nnauona." Kichwa chake kilikuwa ndani ya kitambaa cheusi.

Nikatazama upande wa bahari. Macho yangu haya yaliona ukungu tu. Zahor akachomeka kioo cha picha, akainama kufungua kifuniko cha kamera, kikamkwamia, akakivuta mpaka kikatoka, picha ikaingia. Alipoinua uso, wingu limeshaufunika mwezi.

Akakiosha kioo kwa dawa chumbani kwangu, gizani, akakikimbiza kwa kadhi kikiwa bado kimerowa.

Yaliyopita huko nilielezwa na Saud mwenyewe, aliyemrudisha nyumbani.

"Shikamoo, Bi Nunu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Simai, mchuuzi wa Mtoni, alikuwa ameshashuhudia. Alitakiwa mmoja tu zaidi. Huyu akatoa kioo chake, na mwezi wenyewe mweusi, maana kwenye kioo cha picha cheupe huwa cheusi, kama ukwaruzo wa ukucha. Watu wakasema huo ni mwezi wa kobe. Kadhi akawanyamazisha, akamwuliza: wewe umeuona kwa jicho lako? Angesema naam, Bi Nunu, sasa hivi mngekuwa mnapika pilau."

"Akasemaje?"

"Akasema ameuona ndani ya kioo cha kamera, kichwa chini. Juu mbinguni hakuuona. Basi kesho tunafunga." Saud akashusha sauti. "Nimesimama nikawaambia, mtu huyu hata mwaka jana hakusema uongo. Jina lile nililianza mimi, asilitaje mtu tena."

Nikamshukuru, maana si jambo jepesi kusema vile mbele ya wanaume. Zahor hakumshukuru. Saud alipoondoka akakisogeza kioo kwenye taa.

"Wamesema mimi mkweli," akasema. "Nani aliyewauliza? Mimi nimepeleka mwezi. Mwezi ulikuwepo, Bibi."

"Umekula?"

"Sijala."

Nikampakulia wali na mchuzi wa papa. Alikula kwa hasira, daku akakataa, na kesho yake alifunga kama sote, amenuna mpaka magharibi.