Bakuli la Daktari Kassian

Sadiki alikuwa fundi cherehani wa Ruangwa mjini, na sifa yake ilikuwa kwamba suruali aliyoikata yeye unaweza kuchuchumaa nayo bila kuiomba ruhusa. Hiyo ni zamani kidogo. Siku hizi mikono ilikuwa inamtetemeka. Kutia uzi kwenye sindano alimwachia binti yake Saada, na pindo za sketi alizoshona zilikwenda zikipanda na kushuka. Wateja wenye adabu walikuja kuchukua vitambaa vyao kwa maneno matamu, eti wamekumbuka kuna shemeji naye ni fundi, asije akanuna.

Chanzo cha mitetemo hiyo kilijulikana. Ni vidonge vya kliniki ya afya ya akili, kule Nachingwea. Kwa upande wa kichwa Sadiki hakuwa na ugomvi navyo, maana kichwa kilikuwa kimetulia kabisa. Kabla ya vidonge aliwahi kukata vitambaa vyote vya wateja vipande vipande, akiwa na hakika kwamba anashona bendera za nchi ambayo bado haijazaliwa. Kisha akashika njia kwa miguu, na watu walipomtafuta walimkuta Matambarale anagawa wizara. Akikumbuka, masikio yanamchemka kwa aibu. Lakini fundi asiye na mikono atakula nini? Kwa hiyo alikuwa amekata shauri. Safari hii angekwenda kliniki kama kawaida, na kama daktari asingesema lolote juu ya mikono yake, vidonge atakavyopewa vingeishia chooni.

Utauliza kwa nini asimwambie tu daktari. Tatizo lilikuwa salamu. Kwao Sadiki huanzi na shida. Unaulizwa hujambo, unajibu sijambo. Za nyumbani, salama. Za shamba, salama. Na mikorosho, inaendelea vizuri. Baada ya hapo ndipo neno lenyewe linapotoka, taratibu, likiwa limeandaliwa njia. Daktari Kassian alikuwa kijana mwema mwenye foleni ndefu. Kila mwezi aliuliza, "Unaendeleaje, Fundi?" na kila mwezi Sadiki alijibu, "Salama, daktari," akavuta pumzi kusubiri habari za nyumbani. Kabla hajaimaliza hiyo pumzi, daktari alikuwa ameshaandika dawa zilezile na anamwita mwingine. Na muda wote huo Sadiki alikaa kwa heshima, mikono kaibana katikati ya magoti, maana alilelewa kwamba mbele ya mtu wa cheo mikono haichezi. Daktari angeionea wapi?

Siku hiyo mkewe Swaumu alifuatana naye mpaka Nachingwea, akabaki uani kwenye kivuli cha jengo. Ndani kulikuwa na jambo jipya. Dada mmoja kutoka Dar es Salaam, jina lake Faith, alikuwa amekuja kupima mawasiliano, yaani kama wagonjwa na daktari wao wanasikilizana wanapozungumza. Alikuja na karatasi zenye nyuso za kuchorwa, uchague uso unaofanana na moyo wako, lakini wazee walikuwa wanachagua uso wenye sura nzuri zaidi. Akabuni njia nyingine. Alinunua korosho ambazo hazijabanguliwa, akaweka bakuli la bati juu ya meza. Mgonjwa akitoka kwa daktari anapewa korosho kumi. Kadiri alivyosikilizwa ndivyo anavyotia bakulini, na zinazobaki anarudisha.

Njia yenyewe ilikuwa nzuri, ila bakuli ndilo liliharibu. Angetumia ndoo, angetumia hata kofia. Ukiweka bakuli mbele ya watu wa huku ukasema hili ni la daktari, umekwisha waambia wamkaribishe chakula, na nani humkaribisha mtu kwa bakuli nusu? Bibi Agatha wa Nanganga, aliyemtangulia Sadiki kwenye foleni, alitia zote kumi, kisha akafungua pindo la kanga yake akaongeza mbili zake mwenyewe. Faith akaandika kumi na mbili juu ya kumi, hana la kufanya. Daktari Kassian alikuwa ameshadokezwa matokeo, na tangu asubuhi alikuwa anatembea kibwana harusi.

Zamu ya Sadiki ikafika. "Unaendeleaje, Fundi?" "Salama, daktari." Akavuta pumzi. Daktari akaandika, akamwambia haya, tuonane mwezi ujao. Sadiki akatoka moyo umemwanguka, maana ndiyo ilikuwa imekwisha hivyo. Akaingia chumba cha pili alikokuwa Faith.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Daktari amekusikiliza kiasi gani leo? Tia humu kadiri unavyoona mwenyewe."

Sadiki alikuwa amekasirika kweli, lakini hasira ni mambo ya ndani na bakuli ni mambo ya watu. Akazikusanya korosho zote kiganjani azitie kwa mkupuo, aondoke zake. Alichosahau ni kwamba kwa kazi hiyo lazima mkono utoke katikati ya magoti. Mkono ulifika juu ya bakuli ukashindwa kutulia. Korosho ya kwanza iligonga ukingo ikaruka. Akaleta mkono wa pili usaidie, nao ukaja na mitetemo yake, ukalipiga bakuli kikumbo. Bakuli likaanguka, likabingirika kwa kelele mpaka mlangoni, na korosho zikatapakaa chumba kizima.

Faith alibaki na kalamu hewani. "Sasa hizi za chini niziandikeje, baba?"

"Andika zote ni za daktari," Sadiki alisema. Alikuwa amepiga magoti anaokota, na kila aliyoiokota ilimponyoka. "Mimi nimempa zote. Mikono ndiyo imekataa."

Daktari Kassian alikuwa amesimama mlangoni, kavutwa na kelele. Aliitazama ile mikono kwa muda, kisha akachuchumaa.

"Fundi, mikono hii imeanza lini hivi?"

"Aa, salama tu, daktari."

Siku nyingine jibu hilo lingeshaandikwa. Sasa daktari hakuwa na meza wala kalamu. Na Kassian mwenyewe ni mtoto wa Kiegei, amekulia kwenye salamu hizohizo, isipokuwa masomo na foleni vilikuwa vimemzoeza kuzikatisha. Akakaa kitako sakafuni na koti lake jeupe.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mama Saada?"

"Yupo hapo nje."

"Na mikorosho mwaka huu?"

"Imeanza kutoa maua."

Kisha daktari akanyamaza. Faith alitaka kusema neno, akaonyeshwa kwa mkono angoje.

"Ila leo nilikuja kukuaga," Sadiki alisema.

"Unasafiri?"

"Sisafiri. Nilikuja kuchukua vidonge nikavitupe. Kichwa mmenirudishia, nashukuru sana, lakini mmeninyang'anya mikono. Mwaka mzima nangoja uniulize, daktari. Kila nikija nangoja." Na hapo akalia, mtu mzima, kwa sauti, mbele ya binti wa watu, wala hakujali.

Daktari hakujitetea. "Nisamehe, Fundi," alisema, na ilionekana usoni kwamba imemuuma. Akamsimamisha, akamwambia anyooshe mikono, atembee mpaka dirishani na kurudi, akamkunja viwiko akisikiliza ukakamavu wake. Akamweleza kwamba dozi imekuwa kubwa kwake. Wataipunguza kidogo kidogo, si kwa kuiacha ghafla, na atamwongezea kidonge kingine cha kutuliza mitetemo. Arudi baada ya wiki mbili.

"Na ukiona kichwa kinaanza kukimbia, usingoje kliniki. Nipigie simu."

"Nianze na salamu?"

"Siku hiyo ziruke."

Faith akaomba radhi, akauliza kama wanaweza kupima upya. Daktari akamshikia Sadiki bakuli, na Sadiki akatia korosho moja moja, bila haraka, mpaka sita. Nne akazirudisha mezani. "Hizi ni za mwaka uliopita," alisema. Faith akamtazama daktari kwa huruma, maana hakuna aliyewahi kumpa chache namna ile.

"Andika hizohizo," daktari alisema, akatoka upesi kuuliza kama bibi Agatha ameshaondoka.

Uani Swaumu alikuwa ameketi na simu mkononi. Alimtazama mumewe macho. "Umelia."

"Nimelia. Amebadilisha dawa." Akamweleza yote, mpaka lile la kutaka kuvitupa vidonge chooni. Hilo alilisema kwa sauti ya chini, akijua atagombezwa.

"Hilo nilikuwa nalijua," Swaumu alisema.

"Nani kakwambia?"

"Baba Saada, wiki nzima unanitazama kama mtu anayeomba msamaha kabla ya kukosa. Nitaacha kujua?"

"Na hukusema neno."

"Ningesema ungekataa. Nikaona bora nije nikae karibu."

Sadiki akaketi kando yake. Aliona aibu, na chini ya aibu akaona furaha kubwa. Swaumu alikuwa ameshabonyeza simu, anamwita kaka yake Adinani, yule aliyemfuata Sadiki mpaka Matambarale mara ile.

"Kaka, ile pikipiki niliyokwambia uazime ukae nayo tayari," alisema, "mrudishie mwenyewe. Baba Saada amesema."