Sauti Iliyotoka Ndani

Kazi aliyopewa Israa kwenye harusi ya binamu yake Umulkheir ilikuwa moja tu, tena ya kukaa kitako: ashike kapu mlangoni, na kila mwanamke anayeingia atie simu yake humo. Mtaa mzima wa Langoni unajua sababu. Ndani, wanawake huvua mabuibui, hujipamba, hucheza watakavyo, na picha moja tu ikitoka nje huweza kuvunja ndoa ya mtu. Israa alikuwa mkali siku ile. Alimpekua hata mke wa imamu.

Lakini alipofika mgeni wake wa Kiayalandi, ukali wote ulimwisha. Alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, aliyepanga chumba katika nyumba ya wageni anakofanya kazi Israa, na kwa kuwa hakwenda mahali bila fidla yake mgongoni, mtaa ulishamwita Bi Fidla. Simu aliitia kapuni bila ya kuambiwa. Kisha akatoa mkobani kidude cheusi, kidogo kama kiberiti, akauliza kama aweza kuingia nacho.

"Kina kamera?" Israa akauliza.

"Hakina."

"Basi pita."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nani angefikiria masikio? Sisi huku tunaogopa macho.

Mwaka mmoja baadaye, Israa akiwa mwenyewe ni bibi harusi mtarajiwa, hina imeshaagizwa na shela imeshashonwa, uliingia ujumbe kwenye simu yake. Bi Fidla alikuwa ametuma nyimbo mbili za bendi yao. Mmoja wameurekodi studio, aliandika, na wa pili ni huo huo walipoupiga mbele ya watu, kwenye tamasha la kwao. "Sikiliza mpaka katikati. Kuna zawadi yako."

Israa alitia visikizi masikioni akakaa kwenye ngazi ya kupandia darini. Bendi ilikuwa ya wale Waayalandi wanaochukua nyimbo za mababu zao, za fidla na banjo na filimbi, wakazipiga kwa hasira ya muziki wa panki mpaka unadhani ala zinagombania urithi. Muimbaji wao alipiga kelele kama mtu aliyeibiwa mashua. Israa alicheka peke yake. Halafu, chini ya magitaa, akasikia pembe zinagongwa. Pembe za nyati, zile za vugo, zinazogongwa na wanawake kwa vijiti harusini. Na juu ya pembe ikapanda sauti ya bibi yake.

Akaurudisha wimbo nyuma, akasikiliza tena.

Bibi Huwaida ndiye aliyemlea Israa na kaka yake Fawaz tangu mama yao alipofariki. Ndiye pia mtangulizi wa vugo Langoni, anayeanza kuimba wengine wakaitikia, na baada yake hajaonekana mwingine. Aliporudi hija aliweka nadhiri kwamba sauti yake haitasikiwa na mwanamume akiimba, na nadhiri hiyo aliishika hivi kwamba hata kumwita muuza samaki kutoka dirishani humtuma mtu. Ataimba, ndiyo, lakini ndani, mlango umefungwa, wanawake peke yao. Na kwa harusi ya Israa alikuwa ameahidi jambo ambalo hakuna bibi harusi aliyelipata kwake: ubeti wa mwisho, aliourithi kwa mama yake, ambao huimbiwa mtoto uliyemlea mwenyewe.

Sasa sauti hiyo ilikuwa imekaa kati ya magitaa, inauzwa. Bibi akijua, ataimba tena? Na akisikia kwa watu wa nje, kwamba aliyekaa na kapu mlangoni alikuwa Israa?

Israa alimwandikia Bi Fidla akimwomba aiondoe. Jibu lilikuja upesi, limejaa masikitiko: albamu imeshatoka, wimbo umeshapendwa, na yeye alidhani Israa anajua, maana kidude alikiona kwa macho yake. Na kweli. Alikiona.

Siku zilizofuata Israa aliusikiliza wimbo wa studio akikuna nazi, akifagia, akiwapokea wageni kazini. Aliusikiliza kama mtu anayebonyeza jipu. Mara alijiambia sauti haisikiki vizuri, mara ikawa haisikiki kitu kingine. Mwishowe akaona bora aipime kwa sikio la mtu mwingine, akaenda dukani kwa Fawaz, auzaye simu na spika.

"Nichezee hii kwa spika kubwa," alimwambia. "Halafu niambie katikati pale wanaimba lugha gani."

Fawaz alisikiliza akitikisa kichwa. Sauti ya bibi ikaja, ikapita chini ya ngoma. "Kiayalandi hicho, sista," akasema. "Hata majini wa huko hawakielewi. Lakini beat ni moto."

Israa alishusha pumzi ambayo alikuwa ameishika tangu juzi. Kaka yake wa damu hajaitambua, sembuse watu wa njiani! Akanyoosha mkono achukue simu, lakini wimbo wa pili ulikuwa umeshaanza wenyewe, ule wa tamasha, ambao kwa hofu hakuwahi kuufungua. Fawaz akausukuma mkono wake. "Acha, live ndiyo tamu."

Huko watu walikuwa wengi, unasikia uwanja mzima unavyonguruma. Bendi ilianza mbio kuliko studio, fidla ikikwaruza. Kisha muimbaji akapiga ukelele, na ala zikaanza kunyamaza moja baada ya moja: banjo, filimbi, gitaa, ngoma. Zikabaki pembe. Na sauti ya Bibi Huwaida ikatoka peke yake, haina hata shuka ya kujifunika.

*Mlango nimeufunga, ufunguo u kifuani!*

Na wanaume, maelfu, sauti nzito za watu wenye vinywaji mkononi, wakaitikia kwa pamoja yale waliyofundishwa: "Na ukae! Na ukae!"

Fawaz aliganda. Nje, Mzee Idarus, jirani yao tangu kabla ya Bibi kwenda hija, aliyekuwa akipita na kikapu chake, alisimama akageuza kichwa.

"Sauti hiyo naiyua," akasema.

Fawaz alizima spika. "Redio hiyo, mzee. Stesheni za mbali."

"Naiyua," Mzee Idarus akarudia, si kwa ugomvi, kama mtu anayetafuta jina. Akaendelea na njia yake polepole, na kila baada ya hatua chache akasimama tena.

Fawaz hakumgombeza dada yake. Alikaa juu ya boksi la spika akijifuta uso kwa kanzu. "Miaka yote hii nyumba moja," alisema, "sijapata kumsikia bibi akiimba. Na leo nimemsikia pamoja na walevi." Halafu akasema, "Yule mzee atakumbuka, Israa. Leo au kesho atakumbuka."

Israa alirudi nyumbani mbio, maneno ameyapanga. Alipofika, maneno yote yakatawanyika. Alichuchumaa pale pale kwenye ngazi, akatia visikizi, akafungua wimbo wa tamasha, labda akijua pale unapoanzia angejua na yeye aanzie wapi. Hakusikia nyayo.

"Wasikiza nini siku zote hizi?" Bibi Huwaida alikuwa amesimama juu yake, akimtazama macho yaliyokuwa mekundu. "Mato yamekuiva. Nipa sikio moya."

Hakungoja kupewa. Alichomoa kisikizi kimoja akakitia chini ya mtandio wake, akakaa kando ya mjukuu. Na Israa, Mungu amsamehe, hakuwa na nguvu ya kukizima. Walisikiliza pamoja, mmoja kulia, mmoja kushoto. Fidla. Banjo. Ukelele. Pembe.

Bibi alipoisikia sauti yake, hakushtuka. Alikunja uso kama anayehesabu pumzi zake mwenyewe. Ni wanaume walipoitikia ndipo mkono wake ulipomshika Israa gotini.

"Waume hawa, wayua nisemayo?"

"Hawajui, Bibi."

"Sasa waitikia nini?"

Israa akalia. Alimweleza yote, kapu, kidude, kamera. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Ufute," akasema.

"Kwenye simu yangu nitaufuta. Kule haufutiki."

Bibi Huwaida alitoa kisikizi, akakifuta kwa ncha ya leso, akakirudisha kwenye kiganja cha Israa. "Mai yakimwaika hayazoleki," akasema. "Sina hasira nawe. Lakini nadhiri ni nadhiri. Mimi sitaimba tena mbele ya watu." Akainuka akaenda kutazama wali.

Siku ya harusi, kapu lilishikwa na Bibi Huwaida mwenyewe. Alitia humo simu, saa, visikizi, hata kifaa cha kupimia sukari cha jirani yao Bi Rahima. Kisha akafunga mlango, akaja akaketi kando ya Israa. Pembe zikaanza. Wanawake walimtazama, wakangoja atangulie. Hakutangulia. Zikazunguka tena, na Israa, chini ya shela, alijua ndilo hilo, ndiyo bei ya kosa lake, na hina ikamchafuka mikononi kwa jasho.

Hapo akahisi pumzi sikioni. Bibi alikuwa ameinama, amefunika vichwa vyao wawili kwa mtandio, na anaimba. Kwa sauti ndogo, ya sikio moja tu. Mlango, ufunguo, vyote, mpaka akaufikia ule ubeti ambao Israa hakuwahi kuusikia maisha yake.

Wanawake walioona midomo ikicheza walipunguza vijiti ili na wao wasikie. Bibi Huwaida akanyamaza pale pale. Akainua kichwa akawatazama.

"Pigani," akawaambia. "Pigani kwa nguvu."